Faili la Ndugu Yake

Mimi sikutaka kwenda kusoma kompyuta, na wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa baba. Aliitikia tu, akaendelea kupanga mafaili. Baba alikuwa mkuu wa masjala ya hospitali, mimi msaidizi wake. Manesi walimwita Kabati. Kwa miaka thelathini na moja mgonjwa akija dirishani haulizwi namba. Baba anamtazama usoni mara moja, anapotelea kwenye rafu, anarudi na faili.

Sasa hospitali ikapata nafasi moja chuoni, kozi ya mwanzo ya kompyuta, mwaka mzima, na wakanipa mimi. Nikirudi, mafaili yote yaingizwe kwenye mashine, chumba kifungwe, Kabati aende nyumbani kabla ya wakati wake. Yaani nimle baba yangu mwenyewe, halafu nipewe na cheti. Thubutu.

Lakini niseme ukweli, maana nimechoka kuuficha. Baba alikuwa ameanza kusahau. Tangu mwaka jana alikuwa anatoa faili silo, mimi nalidaka mlangoni, nabadilisha, funika kombe mwanaharamu apite. Sikujua kama ananiona. Katika familia yetu kunyamaza tunakuweza sana.

Jumatano asubuhi nilikwenda chuoni kurudisha fomu tupu. Nilitaka kumkabidhi karani mkononi, yaishe.

"Una hakika, dada?" akaniuliza. "Nafasi hizi watu wanazililia."

Nikamwambia waendelee kulia. Nilirudi kazini nimepoa moyo, hata nikamnunulia baba machungwa njiani.

Sikuwepo kwa muda wa saa mbili tu. Ndani ya saa hizo alikuja fundi viatu wa barabara ya nyuma, ana homa, mkewe amemshika mkono. Baba akamtazama usoni, akaingia kwenye rafu, akatoka na faili la mdogo wake. Ndugu wale wamefanana mno. Hata mimi ningekosea, ila mimi ningeuliza namba. Faili la fundi lina maandishi mekundu juu: asichomwe penisilini. La mdogo wake halina kitu. Wakamchoma. Hakumaliza dakika kumi.

Nilipofika, mkewe alikuwa amekaa chini kwenye korido, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa bado hajaanza kulia.

Baba alikuwa mezani, mafaili mawili mbele yake.

"Mwanangu, huwa unanibadilishia, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Leo ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Niliona aibu, na nilimkasirikia, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja. Akainuka, akayatia mafaili yote mawili kwapani, akaenda kwa daktari mkuu. Alikataa nimsindikize. Machungwa nikayaacha pale mezani.

Kesho yake nikarudi chuoni. Karani aliifungua droo, akaitoa fomu yangu. Hakuwa ameitupa.

Nilijaza jina, nikajaza umri. Penye sababu za kujiunga palikuwa na mistari minne. Nilikaa na kalamu mpaka wenzake yule karani wakaanza kufunga madirisha.

"Andika chochote, dada," akasema. "Hapo huwa hawasomi."

Nikaandika namba ya faili la fundi.