Madaktari Wawili wa Kidole Kimoja

"Sikatwi," mwanangu alisema, huku anaendelea kusuka. "Wewe rudi kazini kwako, mama. Mimi hospitali siendi."

"Nani kasema unakatwa? Daktari kasema akione kidole leo."

"Akione afanye nini? Kimeshakuwa cheusi. Akikiona tu, kisu."

Tulikuwa tukibishana hivyo tangu nilipoingia saluni kwake, chumba kimoja chenye kioo, viti viwili na beseni la kuoshea nywele. Mteja alikuwa katikati yetu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akijifanya kiziwi. Kwenye benchi alikaa wifi yangu, shangazi wa huyu binti yangu, mkoba mapajani, tayari kwa vita.

"Mwache mtoto," wifi alisema. "Hospitali wanajua kung'oa tu. Ukienda na jino, linabaki. Ukienda na kidole, kinabaki."

"Ungewapelekea huo ulimi wako, wifi."

Mteja alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikucheka.

Mwanangu ni msusi. Tangu mwaka jana, kila akigusa maji baridi, vidole vyake vinakuwa vyeupe kama chaki, halafu bluu, halafu damu ikirudi vinawaka moto mpaka anauma meno. Wateja walianza kwa utani. Walimwita Friji. "Friji, usiniguse shingo," wanasema, naye anacheka nao. Kisha kikatoka kidonda kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Hakikupona. Ncha ikaanza kuwa nyeusi. Msusi asiye na kidole hicho atashika nini? Na ana watoto wawili, na mume aliyekwenda kutafuta maisha akayapata hukohuko.

Hospitali walimpa vidonge vya kufungua mishipa. Wifi naye akampeleka kwa tabibu wa dawa za Kichina, mama mmoja mwenye chumba juu ya duka la viatu, anayekushika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu huku amefumba macho, akakuchoma sindano nyembamba, akakufungia mizizi ya kuchemsha. Sikupinga. Sina ugomvi na mizizi. Kinachoponya ni dawa, kiwe kimetoka kiwandani au shambani. Kilichonitia wazimu ni kwamba wote wawili walikuwa wanatibu, na mkono unazidi kuharibika. Daktari aliongeza vidonge. Tabibu aliongeza mizizi. Kidole kikaongeza weusi.

"Vua hilo eproni twende," nilisema.

"Mama, nimesema..."

Hakumaliza. Aliyumba, akashika mgongo wa kiti, kiti kikateleza na mteja juu yake, na mwanangu akapiga goti sakafuni. Tulimlaza kwenye benchi. Uso wake ulikuwa na jasho, mikono baridi kama bomba la alfajiri.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Vidonge?"

"Nimekunywa. Na ya tabibu nimekunywa, kikombe kizima. Leo nimeamua kunywa zote pamoja, labda zitawahi."

"Leo umeamua? Kwani siku nyingine unakunywaje?"

Alimtazama shangazi yake. Shangazi alitazama mkoba.

"Nikikaribia kwenda kwa tabibu naacha vidonge," mwanangu alisema. "Ili akinishika mshipa akute damu yangu mwenyewe, siyo ya vidonge. Na nikikaribia kwenda hospitali naacha mizizi, wasiione kwenye vipimo. Daktari yule alimfokea mtu mbele yangu kwa sababu ya dawa za majani."

"Nani kakufundisha?"

"Mimi," wifi alisema. "Nilitaka kila mmoja amwone akiwa safi. Wasije wakagombana."

Nilikaa chini, palepale kwenye nywele zilizokatwa. Nina stashahada ya utunzaji wa ghala, na kazi ni hiyo tangu ujana. Najua kinachotokea stoo moja ikiwa na watunzaji wawili wanaofichana. Huyu anakuta pungufu, anaagiza. Yule anakuta pungufu, anaagiza. Siku mizigo yote ikifika pamoja, mlango haufungi. Daktari alikuwa anamwona mwanangu kila mara bila mizizi, tabibu bila vidonge, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mgonjwa mwenyewe.

"Bora wangegombana, wifi," nilisema. "Wangegombana mpaka wapasue meza. Vidole ni vyetu, siyo vyao."

Wifi aliufungua mkoba, akaufunga tena.

Mwanangu aliinuka taratibu. "Nikimwambia daktari, atanifukuza."

"Akikufukuza nitakaa mlangoni kwake, tuone atapita wapi."

"Na akisema kukata?"

Nimemlea mtoto huyu bila kumdanganya hata kuhusu sindano. "Sijui," nilisema. "Hilo sijui, mwanangu."

Alirudi kwa mteja, akachukua fungu la nywele, akajaribu kuligawa. Fungu likaponyoka. Akalichukua tena, likaponyoka tena.

"Kidole sikisikii," alisema polepole. "Tangu asubuhi nasuka kwa macho tu. Nikifumba macho, sijui kama nimeshika nywele au hewa."

Mteja alijitazama kwenye kioo, akatoa kitambaa kwenye pochi, akajifunga kichwa, nusu iliyosukwa na nusu isiyosukwa.

"Nenda, dada," alisema. "Kichwa changu hakiozi."

Mwanangu alivua eproni. Alichukua boksi la vidonge kutoka droo ya vitana, na kutoka chini ya beseni akatoa chupa ya mizizi iliyochemshwa na pakiti ambayo bado haijafunguliwa. Akavitia vyote kwenye mfuko mmoja.

"Shangazi, tabibu anaweza kuja?"

Wifi alikuwa ameshasimama. "Atakuja. Asipokuja nambeba. Tangulieni."

Hatukusubiri foleni hospitali. Nilimwambia muuguzi kwamba binti ameanguka na kidole kinakufa, na kwamba akitaka kunipigia kelele anipigie huku tunatembea. Chumbani kwake daktari aliinua uso, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, akafungua mdomo kutuuliza tumeingiaje.

Mwanangu hakumpa nafasi. Aliweka boksi mezani. Akaweka chupa pembeni yake, na pakiti pembeni ya chupa.

"Daktari, vyote hivi natumia," alisema. "Na vyote nimekuwa naviacha ili msijue. Tabibu wangu yuko njiani. Fokeni baadaye. Kwanza mnitazame."

Akaulaza mkono juu ya meza, kiganja juu.