Mvua ya Kwetu, Mto Wao

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini siku Mkuu wa shule aliponiuliza mvua ya kwetu watu wa ng'ambo ya mpaka wanaitakia nini, kwani hawana ya kwao, nilimjibu kwa adabu zote. "Mkuu, mvua inanyesha kwetu, mto unakwenda kwao. Mpaka tumeuchora sisi. Maji hayajui kusoma ramani." Akacheka, akasema walimu wa sayansi tuna maneno, akaniruhusu.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kila asubuhi kabla ya kengele, darasa langu lilipima mvua iliyonyesha huku milimani, nami nikatuma namba kwa simu yangu. Kule chini, ng'ambo, darasa jingine lilipima kina cha mto unaopita nyuma ya shule yao, wakatutumia namba yao. Baada ya muda watoto wangu waliweza kukwambia mvua ya jana usiku itawafikia wenzao saa ngapi. Vitabu vina kurasa nzima za uraia wa dunia, eti tujione ndugu. Nilitaka wanangu waujue huo undugu kwa vidole vilivyolowa.

Mwalimu wa kule alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mcheshi kupita kiasi, nikazoea kumwita mdogo wangu. Basi watoto, kwa utundu wao, wakampa cheo: Mama Mdogo. "Mwalimu, Mama Mdogo kajibu?" Wanafunzi wake nao walitutania kwamba watu wa milimani tunaoga maji safi, tunawaachia wao tope. Tukawajibu washukuru, hilo tope ndilo mbolea yao.

Kanuni tuliiandika pamoja, Mama Mdogo na mimi, tukaibandika katika madarasa yote mawili: namba isiyofanana na wenzake isiaminiwe mpaka ipimwe tena. Tulikuwa na sababu. Siku moja mvulana wangu mmoja alisoma nane akaandika themanini, na darasa la kule likahamisha mabegi yote juu ya madawati kusubiri gharika. Hakuna kilichokuja. Tulichekana hadi machozi.

Mpimaji wetu mkuu alikuwa msichana tuliyemwita Hakimu. Namba haikupita kwake bila kuhojiwa. Alikuwa anapiga magoti mpaka jicho lilingane na mstari wa maji, anabana pumzi, ndipo anatamka.

Siku ile mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Jamani, haikuwa mvua ya kawaida, ilikuwa inashuka kwa hasira. Asubuhi nilimkuta Hakimu uwanjani, kalowa chapachapa. Bomba la ndani la kipimo lilikuwa limejaa, maji yakafurikia kopo la nje, ikabidi ayapime kidogo kidogo: anamimina, anasoma, anamwaga, anajumlisha. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Mwalimu, milimita mia mbili na kumi." Hatukuwahi kufika hata hamsini.

Nikatuma hapohapo, nikaongeza: mto unakuja mkubwa, watoeni watoto hapo. Jibu halikukawia. "Dada, huku jua linawaka, mto uko chini ya magoti. Hii namba haifanani na wenzake hata kidogo! Hakimu kasahau nukta, nini? Pimeni tena." Akaweka na kile kikatuni cha kucheka.

Tupime nini tena? Maji yalikuwa yameshamwagwa. Hakimu akainamia lile kopo tupu. "Mwalimu, labda nimekosea kujumlisha." Nikamwambia hujakosea. Nikapiga simu, haikutoka. Mnara ulikuwa umezimika.

Nikakimbilia ofisini kwa Mkuu, kwenye simu ya mezani. Akaifunika kwa kiganja. "Kupiga nchi ya nje mpaka kibali kutoka wilayani."

"Mkuu, kuna watoto wamekaa ukingoni mwa mto!"

"Wana serikali yao, Mwalimu. Usinitafutie makubwa."

Nilimwambia neno ambalo hata mbele ya watu wazima silirudii, nikamnyang'anya mkonga wa simu. Kimya. Waya nao ulikuwa umekatika. Ubishi wetu wote ulikuwa wa bure.

Tukapanda kilimani kutafuta mtandao, mimi na Hakimu, viatu mkononi, tunateleza na kuinuka. Nilirekodi ujumbe wa sauti huku nahema, nikipiga kelele waondoke, waondoke sasa hivi. Ujumbe ukaonyesha umetoka kwangu. Haukuonyesha umefika. Tulisimama tunaikodolea macho ile simu mpaka ikaisha chaji.

Mto uliwafikia mchana, wakiwa darasani. Redio ilitangaza jioni: maafa ng'ambo ya mpaka, shule imesombwa. Kisha ikaendelea na matokeo ya mpira. Kesho yake Mkuu alinipa pole, mkono kifuani, akasema tumshukuru Mungu kwa vile si watoto wetu. Nikaenda zangu darasani, nikamwacha na mkono wake kifuani.

Hakimu aliacha kuja shule. Nikamfuata kwao. Mama yake, fundi cherehani, alinipokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni, macho yamemvimba. "Mwalimu, mwanangu hali, halali. Anasema amewaua wenzake. Eti alikosea hesabu, ndiyo maana hawakumwamini. Nimesema mpaka nimechoka. Nisaidie, nitampoteza huyu."

Ningemsaidia na nini? Neno langu mtoto hakulitaka tena. Alisema namtetea kwa huruma tu. Nilikwenda pale kila jioni, nikakaa pembeni ya kitanda chake, nikaondoka vilevile nilivyoingia.

Halafu siku moja simu ikalia, ujumbe wa sauti umeingia. Sauti ya Mama Mdogo, imekauka, nusura nisiitambue. Niliisikiliza njiani nimesimama, kisha nikaenda mbio mpaka kwa fundi cherehani. Nilisema moyoni, hii ndiyo dawa yake, atamwamini huyu. Nikaiweka karibu na mto wa kitanda, nikaifungulia.

"Dada, mimi niko hai. Nilikuwa nimetoka kwenda stoo, kule juu, kuchukua chaki. Dada, watoto walitaka kuondoka. Yule mrefu wa mbele alisimama akasema, Hakimu hakosei huyu, twendeni. Mimi ndiye niliyemkalisha. Nikamwambia mwanasayansi hakimbizwi na namba moja, haraka haraka haina baraka. Wakacheka, wakakaa. Mwambie Hakimu alipima sawa. Mwambie alikuwa sahihi kabisa."

Cherehani chumba cha pili ilinyamaza. Hakimu alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia magoti yake.

"Umesikia, mwanangu?" nikamwambia. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. "Hukukosea. Hukukosea hata kidogo."

"Nimesikia, Mwalimu." Alifuta uso kwa shuka. "Bora ningekosea. Ningekosea, wangekuwa hai."