Sifa Isiyo na Mate

Katika darasa la ngumbaru pale Kyuso, mwaka wa 1981, watu wazima walifundishwa kusifiana kwa Kiingereza. Mwalimu Mutunga aliandika ubaoni maneno ya kusifu, na chini yake maneno ya kushukuru.

"Na msikatae sifa," alionya. "Sisi ukisifiwa ng'ombe unasema, aah, huyu amekonda. Mzungu hafanyi hivyo. Sema Thank you very much, unyamaze."

Aliyeketi kando ya mwanafunzi Ndila, kwenye benchi la nyuma, jioni hiyo alikuwa Barwaqo, mwenye duka, mke wa Dirie mfanyabiashara wa mbuzi. Barwaqo alimtazama Kalunde, mtoto wa miezi saba aliyefungwa mgongoni kwa Ndila, akatabasamu.

"What a beautiful baby!"

Ndila alingoja. Kwao, anayemsifu mtoto kwamba ni mzuri humtemea mate kidogo kwenye paji la uso, jicho lake lisije likamdhuru. Barwaqo hakutema. Darasa zima lilikuwa linamngoja Ndila ajibu.

"Thank you very much," akasema.

Kesho yake Kalunde alichemka mwili, akakataa ziwa.

Nthenya, mama mkwe wake, aliposimuliwa alipiga makofi kwa mshangao. "Akamsifu, akanyamaza? Na wewe ukashukuru! Umeshukuru jicho, mwanamke wewe! Nenda ukamlete ateme mate."

"Mwaitu, mama yangu, mimi nimeokoka. Nitaomba."

Akaomba, asubuhi na jioni, magoti yakauma. Lakini katikati ya sala mawazo yalimtoroka yakaenda dukani. Kwa nini Barwaqo alitabasamu vile? Kila siku hukaa mbele, siku hiyo alifuata nini nyuma? Na yeye, tangu Muktar, kazaa wavulana watupu. Je, hakutamani msichana? Ndila alimsihi Mungu amwondolee shuku, kisha akainuka nayo. Hata zahanati hakuikumbuka.

Siku ya tatu mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Ndila akamfunika shuka mpaka kichwani, akaenda dukani.

Barwaqo alikuwa anampimia mzee mmoja sukari. "Mama Kalunde! Umepotea darasani. Na mtoto mbona umemfunika hivyo, na joto lote hili?"

"Ni mgonjwa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomsifu."

Barwaqo aliweka sukari chini polepole. "Ukafikiri ni mimi."

Ndila angeweza kukana. Lakini angekana vipi, halafu arudi kupiga magoti? "Nilikushuku, Mama Muktar. Siku zote tatu."

"Wallahi, hata mimi sikupata raha. Nilimsifu bila kusema Mashaallah. Nilitaka kuongeza, nikaona mwalimu atanikemea nachanganya lugha. Nikasema nitamalizia kesho. Hukurudi."

Akafunua shuka. "Mashaallah," akasema, akamtemea mtoto mate kidogo, bila kuombwa. Kisha akamshika shingo, na uso wake ukabadilika. "Lakini hii ni malaria, dada! Siku tatu! Ungekuja siku ya kwanza, hata kama ni kunitukana, tungekuwa tumeshafika kwa daktari."

Akachukua kufuli.

"Na sukari yangu?" mzee akalalamika.

"Sukari haina homa, baba. Ngoja."

Kwenye zahanati mtoto alidungwa sindano. Muuguzi aliuliza homa ilianza lini, na alipojibiwa alimtazama Ndila, kisha akaandika kwenye kadi. Alasiri Kalunde alishika ziwa, akaliachia, akalishika tena.

Ndila alitafuta la kumwambia Barwaqo. Maneno ya ubaoni yalikuja, akayaona mepesi. Ya Kiswahili nayo yakamkwama, kwa sababu mbele ya asante kulikuwa na neno jingine lililodai kutoka kwanza.

"Nisamehe," akasema.

"Nimesikia," Barwaqo akajibu. Akajitanda shela yake vizuri, akaenda kufungua duka.