Ukuta wa Nyuma ya Goti

"Ushapasuka tena, fundi," alisema Bi Sichana, akauweka mguu wake wa plastiki mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.

Mabrouk aliugeuza. Ufa ulikuwa pale pale pa mara iliyopita, ukingo wa nyuma wa kikombe, mnamoingia kigutu cha mguu chini ya goti. Karakana yake ya Mkunazini ilikuwa chumba kimoja cha chini. Juu ndiko alikolala, peke yake tangu mkewe alipofariki.

"Ulikuwa wapi?"

"Baharini, kwenye mwani wangu. Maji yanajaa, mie nimekaa kama jiwe. Nampigia kelele jirani yangu, naye anadhani naimba!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sauti yangu nzuri, bwana."

Mabrouk hakucheka. "Ungekufa."

"Ningekufa. Na mume wangu kasema kikipasuka kingine, mwani basi. Lakini usiniinulie nyuma, nshakwambia. Goti langu ninalo, sitasali kwenye kiti."

Huo ndio uliokuwa ugomvi wao. Kikombe cha kawaida hupanda juu nyuma ya goti. Bi Sichana alitaka kishuke, na ndani kichimbwe kidogo, nyama ipate nafasi anapokunja goti kusujudu. Ukichimba, ukuta unakuwa mwembamba.

Mabrouk alifungua mchoro kwenye kompyuta, akaiamuru ipime unene wa ukuta. Kikombe kikajaa rangi ya kijani, ila nyuma, penye wembamba, mstari mwekundu. Mara zote mbili aliuona mstari huo. Mara zote mbili alisema moyoni utahimili, akakichapa kwa mashine ya plastiki.

Wateja wengine walichukua miguu yao wakaenda zao. Huyu alirudi. Alikuja na mkate wa mofa kutoka Kiwengwa, akakaa mkekani, akasema watu mpaka alasiri. Mabrouk alikuwa ameanza kuungoja ufa. Sasa aliutazama mstari mwekundu na kuyaona maji yakimfika mwanamke huyu kifuani.

"Mbona kimya? Unaongea na kompyuta kuliko watu."

"Kompyuta hainicheki."

"Oa, basi."

"Nani atanitaka?"

"Wapo," alisema Bi Sichana, akamkatia mkate. "Kula."

Alikula kwa mkono mmoja. Kwa mwingine aliusukuma ukuta wa mchoro utoke nje, kidogo kidogo, bila kugusa ndani. Akapima. Nyekundu ikawa njano. Akasukuma tena.

"Kitavimba kwa nje," alisema.

"Kanga itaficha. Nani ananitazama nyuma ya goti?"

Mabrouk aliiinamia kompyuta. Alisukuma mpaka kote kukawa kijani.

Wiki iliyofuata Bi Sichana alikuja kukivaa kikombe kipya. Alisali pale pale mkekani, naye Mabrouk akageukia upande wa pili, akisikiliza plastiki. Goti lilikunjwa, likakunjuliwa. Plastiki haikulia.

"Basi, fundi, hutoniona tena!" alisema kwa furaha, akajifunga buibui.

"Inshallah," alisema Mabrouk.

Bi Sichana akatoka, naye akasimama mlangoni. Siku zote alikuwa akimsikia mpaka kwenye kona, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Sasa hatua zilikuwa sawasawa. Zikachanganyika na za wanawake wanaotoka sokoni, naye akabaki ameinamisha kichwa, hajui tena zipi ni zake.