Filimbi ya Makokha

Kwa kwari ya mawe ya serikali hapa Nakuru kulikuwa na sheria moja, hata mlevi aliiheshimu. Makokha, fundi wetu wa baruti, akipiga filimbi mara tatu, unalala nyuma ya jiwe. Huinuki mpaka apige ile moja ndefu.

Mwaka wa hamsini na saba tukagoma. Tulikuwa tunavunja mawe ya barabara miguu tupu, tukaomba buti. Serikali ikatuletea askari. Siku ya nne wakatuingilia na rungu, na sisi mawe hatukukosa. Kiptanui akapasuliwa kichwa. Mimi nikapoteza jino, lakini hilo lilikuwa linanisumbua toka Krismasi. Owino, msemaji wetu, wakamfungia ndani ya lori.

"Huyu anaenda kizuizini," inspekta akasema. "Mtamuona akiwa na mvi."

Adero, bibi yake, alikuwa amesimama hapo na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe ya bwana ya saa sita. Dereva akawasha lori.

Makokha akatoa filimbi. Prrr! Prrr! Prrr!

Baruti haikuwako hata ya kupasua yai. Lakini sisi wote tulianguka nyuma ya mawe bila kufikiria. Askari kuona hivyo, wakatoka mbio mpaka barabara ya Nairobi, dereva akiwa namba moja.

Tukafungua lori. Owino alikuwa chini ya kiti, mikono kichwani.

"Toka, mzee!"

"Ndefu haijalia."

"Hakuna baruti, Owino!"

"Hata marehemu Nyongesa aliambiwa hivyo."

"Makokha akipiga ndefu, askari watarudi!"

"Basi nangoja."

Tukambeba vile alivyojikunja, kama gunia la viazi. Adero nyuma: "Pole pole na hicho kichwa, ni kimoja tu!" Tukamficha kwa shamba la mahindi la Mathenge.

Wiki iliyofuata buti zikafika, zote saizi ya Mzungu. Tukakataa kuvaa mpaka kesi ya Owino ifutwe. Ikafutwa. Makokha akasimama kando ya mahindi, akapiga ndefu mpaka mashavu yakauma.

Owino akatokea, majani kichwani, akiangalia bibi yake.

"Nyoyo yangu iko wapi?"

"Ililala, kama wewe," Adero akasema, na akafunua bakuli ingine, bado moto.