Vidole vya Dobi

Mashine ilimkataa mara saba. Kijisanduku kidogo tu, kioo chake kama kiganja cha mtoto, lakini kiburi chake usiombe! Dobi aliweka gumba, taa nyekundu ikawaka. Akaweka kidole cha pili, nyekundu. Akavipangusa vyote kwenye gauni, akavibandika tena. Nyekundu.

"Mama, huna alama za vidole," afisa wa pasipoti akamwambia.

"Sina vipi, mwanangu? Nimezaliwa nazo!"

Alipovitazama, wallahi, vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefua mashuka ya nyumba ya wageni kwa mikono mitupu, ndani ya maji ya dawa ya madoa. Glavu hakuzitaka hata kuzisikia. Kidole kitupu ndicho kinachojua kama sabuni imetoka au bado.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Binti yao wa pekee, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila akipiga simu alikuwa analia: "Mama, sitaki kuzaa peke yangu."

Mumewe aliyesimama kando yake, kinyozi aliyestaafu mikono lakini si mdomo, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe miaka yote hii nimeishi na mzimu!"

"Usicheke, mzee," afisa akasema. "Ngozi ya juu ni seli zilizokwisha kufa. Mpya zinazaliwa chini, zinapanda polepole. Mama akipumzisha mikono wiki nne hivi, mistari itarudi. Njooni wote wawili siku hiyo, fomu zenu nitazishughulikia siku moja."

"Mimi hayo nayajua," kinyozi akadakia. "Nywele zimekufa, kucha zimekufa. Nimenyoa watu miaka thelathini, sijasikia unywele hata mmoja umelia."

"Wenye vichwa je?" mkewe akauliza.

"Hao walilia kwa sababu nyingine."

Shida ni kwamba mashuka hayapumziki, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshasema akikosa siku mbili anatafuta dobi mwingine. Basi kinyozi akavuliwa shati, akakalishwa mbele ya karai. Dobi akaketi kitini, mikono imepakwa mafuta, imelazwa mapajani kama wageni wa heshima, akawa anatoa amri tu.

"Hapo kwenye pindo hujasugua! Unalipapasa shuka au unalifua?"

Siku ya tatu kinyozi akatokea na glavu za rangi ya waridi. Dobi akasonya.

"Vua upuuzi huo. Utajuaje sabuni imetoka?"

"Nitaangalia."

"Macho yanadanganywa na povu. Mikono mitupu, baba watoto."

Akavua. Alilalamikia mgongo, akalalamikia kiuno, akaapa kwamba kunyoa kichwa chenye mba ni starehe, lakini alifua. Na kila asubuhi dobi alikipeleka kidole chake dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Wiki ya pili akauona mstari wa kwanza, mwembamba kama uzi, akapiga ukelele hadi jirani akaja mbio.

Siku ikafika. Vidole kumi, taa ya kijani mara kumi. Dobi akalia palepale, bila aibu.

"Pisheni wanaume," kinyozi akasema. Alikuwa amevaa suti, na mtaa mzima ulishaagwa.

Nyekundu. Nyekundu tena.

"Mzee," afisa akasema kwa upole, "huna alama za vidole."

Kinyozi akageuza viganja vyake, akavitazama kama vya mtu mwingine. "Lo! Na mimi nilikucheka, mama watoto."

Dobi akaishika ile mikono. Ilikuwa laini, myekundu, imepasukapasuka kwenye viungo. Alimpenda saa ile kuliko siku aliyomuoa, na akajilaumu, maana glavu zilivuliwa kwa amri yake. Wiki nne nyingine, na mtoto hangoji.

"Ukifika nyumbani, vaa zile glavu," akamwambia.

"Si ulisema hazijui sabuni imetoka?"

"Zisijue."

Kisha akamgeukia afisa, akijifuta macho kwa vidole vyake vipya. "Mwanangu, hebu nigongee muhuri wangu upesi, kabla sijamhurumia."