Doa Mdomoni mwa Mama

Kiptum ni ndugu yangu, na akisikia nimesimulia haya, asikie. Mimi Chelimo siombi msamaha.

Mama yetu, Jerop, aling'olewa meno mawili ya chini akiwa msichana, kama wenzake wote wa rika lake. Alikuwa ukimwelekezea simu ya kupiga picha anafunga mdomo. Picha zake zote amekaza uso kama mtu ameitwa kwa chifu. Ni mimi tu nilimpata akicheka. Aliketi jikoni kwetu Lanet akinitania, eti mwanamke mzima anachezea wino badala ya kutafuta bwana, nami nikamchora kwa burashi haraka kabla hajanyamaza. Lile pengo lilikuwa tone moja la wino mweusi.

Mama alifariki mwaka juzi. Baba akaanza kusahau, hata mazishi akayasahau. Lakini kila asubuhi alisimama mbele ya ile picha yangu ya wino akampa mama habari za ng'ombe, akacheka naye, akaenda kunywa chai ametulia. Hakuwahi kuuliza mama yuko wapi, maana alikuwa anamwona.

Mwezi jana Kiptum akaja kutoka Nairobi. "Karatasi imezeeka hii. Wacha nipeleke Nakuru mjini waisafishe kwa kompyuta." Nikakubali. Ee Mungu wangu, nilikubali!

Alirudi na kitu kikubwa, cha rangi, fremu ya dhahabu. Mama anacheka na meno yote thelathini na mawili.

"Fundi alisema kulikuwa na doa mdomoni," akasema, uso umejaa furaha.

"Doa? Kiptum, wewe ulizaliwa na nani? Na karatasi yangu iko wapi?"

"Si waliitupa. Ilikuwa inapasuka."

Pasta alisema kwa mazishi kwamba mama ameacha pengo lisilozibika. Kumbe kuna kompyuta Nakuru inaliziba kwa dakika mbili! Nilimfukuza Kiptum na kikombe chake cha chai hakijaisha. Najua hakutaka ubaya. Bado nina hasira naye.

Nimejaribu kumchora tena. Wino ni ule ule, burashi ni ile ile, lakini mama hayuko mbele yangu, na kila nikichora anatoka na pua yangu. Baba anaangalia, anasema, "Umejichora vizuri, Chelimo." Nimerarua karatasi tisa.

Baba naye sasa anamtafuta. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama amefiwa siku hiyo hiyo. Kesho yake akauliza tena. Sikuweza kumuua mama mara ya pili, nikasema ameenda sokoni.

Leo asubuhi nimempata amesimama mbele ya ile fremu, kofia mkononi, kwa adabu, vile mtu husimama mbele ya mgeni.

"Samahani, mama," alikuwa anamwambia. "Umeona bibi yangu huko sokoni? Amekawia sana."